Masinia Manne ya Arusi ya Mama

Wiki iliyopita nililetewa mzigo kutoka kwetu Siyu. Ulikuwa umeviringishwa ndani ya gunia kuukuu la sukari na kufungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na ulipofika hapa Mombasa ulikuwa bado unamwaga mchanga. Nilipokata kamba tu, harufu ya jivu na majani makavu ya mwarobaini ikanipiga usoni, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, nikakaa chini sakafuni palepale mlangoni. Ndani mlikuwa na sinia la aluminiamu, kubwa, lenye nakshi ya maua ukingoni. Katikati lina tundu ambalo ngumi yangu inapita bila kugusa pembeni.

Kuna fundi wa sufuria anayefanya kazi chini ya nyumba yetu. Alipoliona sinia nimeliegemeza ukutani alinionea huruma kweli. "Mama, hilo lilete, dakika kumi naliziba, hutajua lilikuwa na tundu." Nilicheka mpaka akanuna. Nikamwambia mwenzake mmoja alibishana nusu siku kabla ya kukubali kulitoboa. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa, akarudi kwenye nyundo yake.

Mama yangu yu hai, alhamdulillahi. Siku hizi nafaka yake anaiweka katika mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, aliyoletewa na mjukuu wake, na anayasifia kama mtu aliyenunua gari. Ndiyo maana uchaga wa ghalani umevunjwa mwaka huu, na masinia yake manne yamepata likizo. Moja kanipa mimi. Kasema nilining'inize jikoni, na nisithubutu kuliziba.

Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi, na mapengo mawili mbele, mwaka ambao masinia hayo yalitobolewa. Baba alikuwa amekufa miezi michache nyuma, mahindi yake yakiwa yanatoa mbelewele. Alikuwa mkulima, na msimu wa kiangazi alikuwa mshona makubadhi, kama babu yake na babu wa babu yake. Mama alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo majirani ndio waliotuvunia. Kila jioni waliingia uani na mizigo kichwani, wakiyamwaga mahindi kwenye jamvi bila maneno mengi, na mama akiwashukuru kutoka nyuma ya mlango. Yalipokauka vizuri yakapukuchuliwa na kutiwa ndani ya makanda, yale magunia ya ukili yanayosukwa Kipungani. Makanda kumi na mawili. Yakashonwa midomo, yakapangwa juu ya uchaga, ambao ni jukwaa la fito lililosimama juu ya boriti nne za mikoko ndani ya chumba cha nyuma. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya zamani, yenye zidaka ukutani, vile vishubaka vya kuwekea vitu, na chumba hicho cha ghala kilikuwa na zidaka mpaka karibu na dari. Nilipenda kuingia humo mchana wa joto kwa sababu ya ubaridi na ile harufu ya nafaka kavu.

Eda ilipokwisha, Mjomba Athmani akaja kutoka Lamu mjini. Ni kaka mkubwa wa mama, mfanyabiashara, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na sauti inayofika kabla yake. Nataka nimtendee haki: alimpenda dada yake. Alikuwa ametutengea chumba nyumbani kwake, juu, chenye dirisha. Alichotaka ni mama afunge nyumba ya Siyu, shamba apewe mtu, na sisi wawili tuhamie kwake.

"Nina nyumba, kaka," mama akamwambia. "Nina shamba. Chakula hiki hapa."

Mjomba akataka kukiona hicho chakula. Tukaingia ghalani, yeye mbele. Akaelekeza tochi juu ya makanda, na kabla hata hajasema neno, panya mmoja mnene akapita juu ya kanda la kwanza, taratibu, bila haraka, kama mpangaji anayelipa vizuri. Mjomba akazima tochi.

"Umeona, Maimuna? Hata panya wamekwisha kuyua kuwa hapana mume humu. Miezi mitatu, utaniletea ujumbe wa gunia la unga. Afadhali uye sasa na heshima yako."

Mama aliweka kiganja juu ya kanda la kwanza. Halafu akasema jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka mgongo unaninyooka. "Tuwekeane ahadi. Chakula hiki kikinifikisha mavuno mengine bila kukuomba hata kibaba, neno la kuhama usinambie tena. Kikiisha kabla, nitafunga mlango mwenyewe na ufunguo nitakupa wewe mkononi."

"Mbele ya mwana huyu?" akauliza mjomba, akinielekeza mimi.

"Mbele yake."

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa shahidi. Lakini katika maneno yote yale, mimi niliondoka na moja tu. Panya wamejua hapana mume humu. Mjomba alikuwa mtu mkubwa, hasemi upuuzi, kwa hiyo nilijua hiyo ndiyo shida yetu yote: panya wanaoishi Siyu huchungulia nyumba moja baada ya nyingine na kutazama kama baba wa watu yumo.

Na vita vikaanza. Wale viumbe walitoboa makanda kwa chini, na mahindi yakawa yanadondoka punje kwa punje, usikie tu tik, tik juu ya sakafu kama saa mbovu. Mama alishona tundu hapa, kesho likafunguka pale. Bi Rukia, jirani yetu wa mlango wa pili, akatuazima paka wake, dume la manjano lenye sikio moja. Paka yule alilelewa kwa vichwa vya samaki. Akatazama panya, akatutazama sisi, akalala juu ya kanda. Mtego wa waya ulikamata mguu wa kuku. Sumu mama hakutaka hata kuisikia, maana ndani ya nyumba kuna mtoto, kuna kuku, na chakula chenyewe ndicho kinachotambaliwa na hao wanaowekewa sumu.

Siku moja mama alikwenda kushusha kanda la pili, akalishika kwa mikono miwili akijiandaa kwa uzito, likamjia jepesi akakaribia kuanguka. Lilikuwa limesimama vizuri, limejaa kwa kulitazama, lakini chini na katikati hamkuwa na kitu ila maganda na uchafu wenye harufu ya mkojo. Kuanzia asubuhi ya pili yake, uji ukawa mwepesi, na bakuli la mama likawa dogo kuliko langu. Niliogopa. Sikuogopa njaa sana. Niliogopa kile chumba chenye dirisha, na binamu zangu wa mjini waliocheka namna ninavyosema, na ufunguo wetu ukiwa ndani ya mfuko wa kanzu ya mjomba.

Nikaamua kuwadanganya panya.

Kwetu, ukitaka kujua nani yumo ndani ya nyumba, huulizi. Unatazama viatu mlangoni. Viatu vya mwenye nyumba hukaa mkono wa kulia, peke yake, karibu na kizingiti, na mtu akiona vipo hupunguza sauti na kusema hodi kwa adabu. Makubadhi ya baba mama alikuwa ameyafunga ndani ya kanga na kuyaweka sandukuni. Alikuwa ameyashona mwenyewe, ngozi ya ng'ombe yenye uzi mwekundu, na kisigino cha kulia kilikuwa kimeliwa upande kwa sababu ya mwendo wake. Nikayatoa mama akiwa shambani. Nikayapangusa vumbi kwa gauni langu, nikayapanga mlangoni pa ghala, mkono wa kulia, vidole vikielekea nje kama alivyokuwa akifanya baba. Nikasema kwa sauti nene, "Yuko ndani." Nikaondoka nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ya watu kumi.

Asubuhi nikakuta mama amekaa chini pale mlangoni. Mkononi ana kubadhi moja, na la pili liko mapajani. Ukanda wa mbele wa moja umetafunwa wote, na kisigino kile cha kulia hakipo. Kuna vipande vya uzi mwekundu sakafuni.

"Ni nani aliyeyaweka hapa?"

Nikamwambia. Nikamweleza yote, habari ya panya kuchungulia nyumba, na maneno ya mjomba, na sauti nene. Nilikuwa nalia vibaya, kwa sababu niliona kwamba nimewalisha panya baba yangu. Mama alianza kulia pia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu mazishi. Halafu, katikati ya kilio, mdomo wake ukaanza kutetemeka kwa namna nyingine, akasema, "Yuko ndani?" na akacheka, akacheka mpaka akajiegemeza ukutani, na machozi yakiendelea kumtoka. Akanivuta akanikumbatia na hayo makubadhi katikati yetu, yananichoma kifuani.

Alipojipangusa uso, hakuwa mtu yule wa jana. Mama yangu ana hasira za aina mbili. Moja ni ya kelele, na hiyo hupita. Nyingine ni ya kimya, na hiyo hukunja mikono ya nguo. Siku ile alikunja mikono.

"Panya hawayui mume wala mke," akasema. "Wanayua ndia. Tutafute ndia yao."

Ili njia hiyo ionekane, akachota jivu la jikoni, akalichunga kwa chekecheke kama unga wa maandazi, akalitandaza sakafu nzima ya ghala. Asubuhi akanipeleka nikalisome. Yeye alikuwa na macho ya mbali. Ya karibu yalikuwa yangu. Nikalala kifudifudi, kidevu sakafuni, nikaziona nyayo zao, vidole vidogo vilivyochanua, na mstari wa mkia katikati. Zilitoka kwenye pembe ya ukuta, zikajipanga moja kwa moja mpaka kwenye boriti za uchaga, zikaishia hapo. Nyayo za kupanda juu hazionekani kwenye mti, lakini boriti ile ilikuwa imeng'aa kwa mafuta ya miili yao. Niliitambua kazi yangu. Nilikuwa mwenye kusoma jivu.

Mama akazunguka boriti zile, akazitazama, akapima kwa kiganja. Halafu akaenda chumbani, akarudi amebeba masinia manne kichwani.

Lazima mjue yalikuwa nini masinia yale. Mama yake alimpa siku ya arusi. Yalikuwa na alama ya rangi nyekundu chini, na hapakuwa na arusi wala maulidi mtaani kwetu ambayo hayakuazimwa. Watu walisema "masinia ya Maimuna" kama wanavyosema kisima cha fulani. Tulipokuwa tukipita nayo kwenda kwa Fundi Bakari, Bi Rukia akatoka mlangoni na mkono wenye unga.

"Kuna arusi ya nani?"

"Ya panya," mama akajibu, bila kusimama.

Fundi Bakari alikuwa mzee mwembamba aliyeziba sufuria za Siyu nzima. Mama alipomweleza anachotaka, akaweka nyundo chini.

"Bi Maimuna, mimi kazi yangu kuziba. Sijapata kuombwa kutoboa kitu kizima."

"Leo umeombwa."

"Masinia ya mama yako?"

"Mama yangu alinipa nilishe watu. Nami nataka kulisha watu."

Wakabishana mpaka adhuhuri. Fundi alimshauri atumie debe kuukuu. Mama akasema debe lina kutu na mikunjo, panya atapata pa kushika, yeye anataka kitu laini. Fundi akamwambia amngoje mumewe wa pili, pengine atakuja na fikira. Nadhani alikusudia utani, lakini mama alimtazama mpaka akachukua patasi. Pigo la kwanza lilipolia, nilifumba macho. Niliamini mama ameamua kwamba nyumbani kwetu hapatakuwa na arusi tena, hata yangu, na nikaona ni haki baada ya yale niliyoyafanya.

Siku ya pili Fundi Bakari na Bi Rukia wakaja kusaidia. Makanda yakateremshwa, jukwaa likainuliwa, na kila boriti ikavishwa sinia moja kama kofia iliyoteremka, uso chini, usawa wa kiuno cha mama. Misumari ikalizuia lisishuke; panya akipanda, atagota chini yake. Jukwaa likarudishwa. Mama akachanganya majani ya mwarobaini na jivu, akayatandika chini ya makanda kwa ajili ya wadudu. Tukarudi nyuma tukatazama. Uchaga ulionekana kama bibi arusi mwenye miguu minne na vikuku vikubwa mno. Bi Rukia akasema Mungu atusamehe, halafu akawa wa kwanza kucheka.

Jivu la asubuhi lilionyesha nyayo zilizofika kwenye boriti, zikazunguka, zikazunguka tena, zikaondoka. Nilipiga kelele hata kuku wakaruka. Siku tatu hivyo. Siku ya nne, tik, tik. Kanda la juu lilikuwa na tundu jipya.

Mama alikaa chini. Nikamwona anahesabu makanda kwa macho, na nikajua anahesabu miezi. Jivu lilikuwa safi kabisa pale kwenye boriti, hakuna aliyepanda. Basi wametoka wapi? Nikamwambia mama kwamba mimi nitawatazama. Baada ya kurudi kutoka chuo cha Kurani, alasiri, nyumba ikiwa kimya, nikaingia ghalani, nikajibanza nyuma ya mlango na mkono mdomoni. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mwanga ulikuwa unaingia kwa tundu moja tu juu. Halafu nikaona pua. Ilitoka ndani ya kidaka cha juu, ukutani, mahali tulipokuwa tukiweka chupa tupu. Pua, masharubu, halafu mwili mzima. Akajikunja, akaruka. Akatua juu ya kanda kama aliyezaliwa humo.

"Mama! Ndoo hapa! Wanaruka! Wanatoka kidakani!"

Mama alikuja mbio na mwiko mkononi. Nilipomwonyesha, alipima kutoka kidaka mpaka uchaga: mkono wake mmoja tu, hata haukunyooka. Siku ileile tukaita watu, uchaga ukahamishwa katikati ya chumba, mbali na kila ukuta kwa mikono yake miwili na kiwiko changu. Kiwiko changu kilikuwa lazima. Mama alisema bila hicho kipimo hakitimii. Tukaondoa fito zilizoegemezwa, kamba iliyotundikwa, ungo uliokuwa umening'inia, kila kitu ambacho mwenye miguu minne angekifanya daraja.

Na alasiri iliyofuata nilirudi nyuma ya mlango, safari hii mama yupo pamoja nami, tumebanana, anatetemeka kwa kicheko alichokizuia. Pua ikatoka. Masharubu. Yule bwana akatazama uchaga ulipokuwa jana, akatazama ulipo leo. Akarudi nyuma, akaja tena, akajikunja sana. Akaruka. Wallahi aliruka vizuri, simnyimi sifa yake. Akagusa ukingo wa sinia kwa kucha za mbele, zikateleza kriii juu ya yale maua ya arusi, akaanguka kwa mgongo ndani ya jivu, puf, akakaa hapo kidogo kama anayejaribu kukumbuka jina lake. Akaondoka mweupe mwili mzima. Mama alipiga kigelegele. Kigelegele kizima, cha arusi, nyumba ya msiba, na Bi Rukia akaja mbio kuuliza ni nini.

Hatukupoteza tena. Miezi ikapita, uji ukarudi kuwa mzito, mvua ikanyesha, tukalima, tukapanda. Mjomba alileta salamu kila mwezi akiuliza kama tunahitaji kitu, na mama akajibu kila mwezi, "Dua zako tu." Mahindi mapya yalipokuwa tayari kuvunwa, juu ya uchaga palikuwa pamebaki makanda mawili, mazito. Moja mama akalibadilisha kwa mchele. Akatangaza khitma ya baba, na akampelekea mjomba mwaliko.

Uchaga ulikuwa umeshushwa kwa ajili ya kusafishwa, na hayo masinia ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Mama akayasugua kwa jivu na ndimu mpaka yakang'aa. Kisha nikamwona anaweka bakuli la mchuzi kwanza katikati ya kila sinia, juu ya tundu, ndipo anapopakua wali kulizunguka. Akaweka kidole mdomoni kunionya nisiseme.

Baada ya kisomo wanaume wakakaa ukumbini, wanne kwa sinia. Mimi nilikuwa na birika na beseni la kunawisha, kwa hiyo niliona yote. Mjomba alikula vizuri. Akasifu wali. Halafu akainua bakuli ili aumwage mchuzi wote, na wali uliokuwa pembeni ukateremka polepole, ukapotea. Akainama. Ndani ya sinia aliona mkeka.

"Maimuna!" akaita kuelekea pazia. "Sinia hili lina tundu!"

"Yote yana matundu, kaka," sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, tulivu kabisa. "Inueni mabakuli muone. Hayo ndiyo yaliyotulisha mwaka mzima."

Mabakuli yakainuliwa moja baada ya jingine, na ukumbi ukaanguka kwa vicheko. Fundi Bakari, mdomo umejaa wali, akajigonga kifua akisema ni kazi yake. Mjomba hakucheka mara moja. Akaomba aonyeshwe ghala. Nikampeleka mimi, mkono wake bado una mafuta. Akalitazama kanda lililobaki, akalisukuma kwa goti, halikutikisika. Nikamweleza habari ya jivu, na kidaka, na kiwiko changu, na yeye akasikiliza akiwa ameinama kama anayesomewa. Mwisho akashika kichwa changu.

"Nenda kamwambie mama yako," akasema, "ufunguo ni wake. Neno la kuhama sitalitaja tena." Na hakulitaja, mpaka Mungu alipomchukua.

Wageni walipoanza kuondoka, kizingitini palikuwa pamejaa viatu vya wanaume, na nikasimama nikavitazama vikipungua, jozi moja baada ya nyingine, mpaka ngazi ikawa tupu. Sijui mama alikuwa amesimama nyuma yangu kwa muda gani. Viatu vyake yeye, ndara za bluu, siku zote vilikaa mlango wa uani, pamoja na vyangu, kama vya wanawake wote. Akavileta mkononi. Akainama, akaviweka mlango wa mbele, mkono wa kulia, peke yake, karibu na kizingiti, vidole vikielekea nje.

Viko hapo mpaka leo. Anayefika huviona, hupunguza sauti, ndipo akapiga hodi.